Kivuli Kidogo Katika Picha ya Kifua



Dada mmoja msomaji wetu wa Kisauni ametuandikia barua ndefu, ambayo kwa idhini yake twaifupisha. Mamake mzazi, mwenye umri uliopita miaka 60, alikohoa kwa muda wa wiki 5. Akapelekwa kupigwa picha ya kifua, tabibu akaitazama, akasema kifua ni safi, na mama akarudi nyumbani na chupa ya dawa ya kikohozi. Wiki 3 baadaye mama alikuwa amekonda na shuka zake zarowa jasho kila usiku, wakampeleka kwa tabibu mwingine. Huyu hakuomba picha mpya. Aliitaka ile ile ya zamani, akaiinua dirishani, akaitazama kwa kitambo, kisha akaonyesha kwa ncha ya kalamu: hapa, nyuma ya mtulinga wa kulia, pana ukungu ambao upande wa kushoto haupo. Makohozi yakapimwa, kifua kikuu kikapatikana. Mama ameanza dawa, alhamdulillah, na hamu ya chakula imerudi. Lakini dada yetu ana uchungu. Auliza: "Picha ni ile ile moja. Yawaje mmoja aone usafi na mwingine aone maradhi? Yule wa kwanza alitudanganya, au hakutujali kwa kuwa sisi ni wanyonge?"

Hatukuwapo, na asiyekuwapo hana ruhusa ya kuhukumu. Lakini twaweza kueleza jinsi picha hii inavyosomwa, kwa maana familia zetu nyingi huichukua kama hukumu iliyokwisha pigwa muhuri: ikisema safi, basi ni safi. Kwa hakika picha ya kifua haisemi chochote. Inasomwa, na usomaji una watu wake, adabu zake na mitego yake.

Mionzi hii iligunduliwa na Mjerumani Wilhelm Röntgen katika mji wa Würzburg mwezi wa Novemba 1895. Picha yake mashuhuri ya mwanzo ilikuwa ya mkono wa mkewe, Anna Bertha, iliyopigwa Disemba ya mwaka huo. Mifupa ya vidole yaonekana, na pete imezunguka kidole chake. Pete ile yatosha kuwa somo la kwanza. Chuma huzuia mionzi, mfupa huzuia mingi, nyama na damu na maji huzuia kiasi, mafuta huzuia kidogo zaidi, na hewa huiacha ipite. Kwa hiyo katika picha ya hospitali chuma hutoka cheupe pe, mfupa mweupe, moyo wa kijivu, na pafu lililojaa hewa jeusi. Ni daraja hizo tano tu. Panapostahiki weusi pakionekana weupe, kuna kitu kimeshika mahali pa hewa: huenda ni maji, usaha, damu, uvimbe au kovu la zamani. Ni kipi kati ya hivyo, rangi peke yake haisemi.

Tena picha hii huubana unene wote wa kifua ukawa karatasi moja. Chukua leso tatu, uzibebanishe, kisha uziinue kulikabili jua. Maua ya leso ya kwanza yataingia ndani ya pindo ya leso ya tatu, na maandishi ya ile ya kati yatapotea katika mji wa jirani yake. Ndivyo mbavu za mbele, mbavu za nyuma, moyo, mishipa ya damu, titi na ngozi zinavyolaliana katika picha moja. Kivuli kidogo cha maradhi hakitafuti pa kujificha. Kimekwisha fichwa tayari.

Msomaji mzoefu haanzi kwa kutafuta maradhi. Huanza kwa kuuliza iwapo picha yenyewe yafaa kusomwa. Hutazama jina na tarehe, kwa kuwa picha za watu wawili wenye jina moja zimewahi kuchanganywa, na majina yetu ya Pwani, kina Fatuma Ali na kina Mohamed Omar, yanajirudia mno. Kisha hutazama upande, maana picha husomwa kana kwamba mgonjwa amekuelekea uso kwa uso: kulia kwake kuko kushoto kwako. Kisha huhesabu mbavu. Aliyevuta pumzi vyema, mbavu zake za nyuma 9 au 10 huonekana juu ya kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo. Asiyevuta, mapafu husongamana chini, mishipa ikakusanyika, na sehemu ya chini ikaonekana kama ina kichomi hali haina kitu. Mpiga picha anaposema "vuta pumzi, izuie", mama zetu wengine huvuta kidogo kwa haya au kwa kuogopa kikohozi. Nawaomba mvute kwa nguvu zenu zote. Pumzi ile moja yaweza kuwa tofauti kati ya picha isomekayo na picha ya kubahatisha.

Hutazamwa pia iwapo mgonjwa alisimama sawa ama aligeuka kidogo, kwa kupima umbali wa mitulinga miwili kutoka kwenye uti wa mgongo. Na huulizwa mionzi iliingia wapi. Kwa kawaida mgonjwa hukumbatia kibao na mionzi humwingia mgongoni, ili moyo uwe karibu na kibao. Mgonjwa mahututi aliyelala kitandani hupigwa kutokea mbele, na hapo moyo hukuzwa. Atakaye kuelewa ausogeze mkono wake karibu na kandili usiku, atazame kivuli chake ukutani kinavyokua. Katika picha iliyopigwa sawasawa, upana wa moyo wa mtu mzima hauzidi nusu ya upana wa kifua; katika ile ya kitandani kipimo hicho hakitegemewi. Wapo waliotishwa kwamba moyo wao umevimba kwa sababu ya kitanda tu.

Hapa nina neno na kina dada, maana mwili na mavazi ya mwanamke yana vivuli vyake. Nywele zilizosukwa zikiangukia begani huacha michirizi ya ukungu juu ya ncha za mapafu, mahali pale pale ambapo kifua kikuu hupenda kukaa. Pini ya mtandio, kulabu ya sidiria, mkufu, kifungo, shanga za gauni, zote hutoka nyeupe. Hirizi ya fedha pia, kwa wenye kuivaa (hukumu yake si mada ya safu hii). Titi lenyewe huweka wingu jepesi sehemu ya chini ya pafu, na chuchu moja yaweza kuonekana kama uvimbe mviringo. Mama aliyekatwa titi kwa ajili ya saratani, upande huo pafu litaonekana jeusi zaidi ya mwenzake, na asiyeambiwa habari hiyo aweza kudhani ule upande wa pili ndio mgonjwa. Fungeni nywele juu, sogezeni mtandio utoke mabegani, vueni vya chuma, na mseme wazi kama mliwahi kufanyiwa upasuaji.

Sitara haipotei kwa haya. Vazi la pamba lisilo na vifungo wala shanga halizuii mionzi, na una haki ya kuomba gauni safi la hospitali, kuomba mpiga picha mwanamke iwapo yupo, na kuomba jamaa yako akusindikize hadi mlangoni. Kuomba si ujeuri. Kinachonisikitisha ni mama anayeona haya kuomba, akapigwa picha na pini saba kifuani, kisha akaambiwa arudie na alipe tena.

Baada ya hayo ndipo macho huanza safari yake, na safari nzuri hupita mahali panaposahauliwa. Pa kwanza ni ncha za mapafu, juu kabisa, nyuma ya mitulinga na mbavu za mwanzo. Mifupa pale imepishana, na ukungu mdogo hupita bila kuonekana. Njia iliyo bora ni kulinganisha: ncha ya kulia na ya kushoto, kwa kurudiarudia, kama mshonaji anavyolinganisha mikono miwili ya kanzu. Ukungu wa mamake dada yetu ulikuwa pale. Kifua kikuu cha watu wazima hupendelea sehemu za juu za mapafu, na mara nyingi huanza na vidoa hafifu kabla ya kuchimba pango.

Pa pili ni nyuma ya moyo. Watu wengi hawajui kuwa pafu la kushoto lina sehemu kubwa iliyojificha nyuma ya moyo, na sehemu nyingine ya mapafu yote mawili imeshuka nyuma ya kiwambo, chini ya pale tunapodhani mapafu yamekwisha. Sehemu ya chini ya pafu la kushoto ikinywea, labda kwa njia ya pumzi kuzibwa na makohozi mazito, uvimbe au punje ya karanga, hujikunja ikawa pembetatu nyeupe nyuma ya moyo. Madaktari wameipa jina la alama ya tanga, kwa kuwa ukingo wake umenyooka kama tanga la chombo. Watu wa Pwani tungepaswa kuwa wa kwanza kuiona! Lakini angalia hekima ya mambo haya: mtoto mchanga naye aweza kuwa na tanga katika picha yake, safari hii kando ya moyo kwa juu, na hilo si maradhi kabisa. Ni tezi ya thaimasi, ambayo kwa watoto wadogo huwa kubwa kisha hupungua wakikua. Tanga moja ni siha na jingine ni maradhi. Asiyejua umri wa mgonjwa hatajua alitazamalo.

Pa tatu ni kingo. Mtu aliyevaa kanzu nyeupe akisimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, huoni kanzu inaishia wapi. Akisimama mbele ya mlango mweusi wa mbao, ukingo wa kanzu waonekana wote. Moyo ni kanzu na pafu lenye hewa ni mlango. Pafu lililo kando ya moyo likijaa usaha wa nimonia, huwa la kijivu kama moyo, na ukingo hupotea. Daktari wa Marekani Benjamin Felson ndiye aliyeieneza kanuni hii tangu mwaka 1950, na uzuri wake ni kwamba yaonyesha hata mahali: ukingo wa kulia wa moyo ukififia, ugonjwa uko katika sehemu ya kati ya pafu la kulia, mstari wa kiwambo ukififia, ugonjwa uko sehemu ya chini. Mara nyingine hakuna doa lolote la kuonyeshwa kwa kidole. Kuna ukingo tu uliokuwa upasao kuwapo na haupo, na jicho la mwanadamu ni zito mno katika kuona kisichokuwapo.

Pembe ile kali kati ya mbavu na kiwambo nayo ni ya kutazamwa. Maji yakikusanyika katika utando wa pafu, pembe hii hudubaa ikawa butu. Katika picha ya kusimama huhitajiwa kiasi cha mililita 200, kama glasi moja, kabla ya kuonekana. Katika picha ya ubavuni hata kadiri ya finjani ya kahawa hutosha. Maji haya kwa nchi yetu yatutie hima, kwa kuwa kifua kikuu ni mojawapo ya sababu zake, na kikiwa katika utando makohozi huweza kutoonyesha kitu.

Kuna sura nyingine ya kifua kikuu ambayo haina ukungu wa upande mmoja. Vijidudu huenea kwa njia ya damu, na mapafu yote mawili hujaa vipunje vidogo mno, milimita moja hadi tatu, vilivyotawanyika sawasawa kama mawele yaliyomwagwa juu ya ungo. Jina lake la kitabibu limetokana na mawele hayo hayo. Kwa kuwa pande zote mbili zimefanana, ile mbinu ya kulinganisha kulia na kushoto haisaidii, na picha iliyofifia kidogo huvificha vyote. Mgonjwa yu hoi kwa homa, na picha "ni safi". Kwa watoto wadogo dalili huwa tofauti tena: tezi zilizovimba katika shina la pafu, kando ya moyo, bila pango wala makohozi. Na kwa mwenye virusi vya Ukimwi ambaye kinga yake imeshuka, picha yaweza kuwa ya kawaida kabisa hali kifua kikuu kimo.

Mwaka 2016 Kenya ilifanya uchunguzi wa taifa zima juu ya kifua kikuu. Kadirio lililotoka ni wagonjwa 558 katika kila watu wazima 100,000. Jambo lililowashtua wengi lilikuwa jingine: takriban nusu ya waliopatikana na maradhi hawakuwa na kile kikohozi cha zaidi ya wiki mbili ambacho sote tulifundishwa kukingojea, na wengi wao walitambuliwa kwa kuwa picha yao ya kifua ilikuwa na kasoro. Kwa hiyo picha ina thamani kubwa, wala nisifahamike kwamba naidharau.

Nisiache moyo. Pwani na Afrika ya Mashariki kwa jumla kuna wasichana ambao utotoni walipatwa na maumivu ya koo yasiyotibiwa, yakaleta homa iliyoacha kovu katika mlango wa moyo. Hukua, huolewa, wala hawajui. Hushika mimba, na mwili ukihitaji damu zaidi, pumzi huanza kuwapaa. Mama mkwe husema ni mimba tu. Jirani husema ni uvivu. Picha ya kifua yaweza kutoa fununu: ukingo wa kushoto wa moyo, badala ya kuwa na kibonde, umenyooka, ndani ya kivuli cha moyo upande wa kulia kuna kivuli cha pili, mishipa ya juu ya mapafu imejaa kuliko ya chini. Na pembezoni chini kabisa, karibu na mbavu, huonekana vistari vyembamba vya kulala, urefu wa sentimita moja au mbili, ambavyo vyaitwa kwa jina la Peter Kerley, daktari wa Ireland aliyevieleza katika miaka ya 1930. Vistari hivyo ni maji yaliyoanza kujaa katika kuta nyembamba za pafu. Ni vyembamba kama nyuzi, na vyaweza kuwa ndivyo vinavyompeleka dada huyo kwa mtaalamu wa moyo kabla ya uchungu wa kuzaa. Kwa mama aliyepika kwa kuni miaka 40 katika jiko lisilo dirisha, dalili ni kinyume chake: mapafu meusi kupita kiasi, kiwambo kimelala bapa, moyo mwembamba kama unaning'inia. Watu hudhani picha nyeusi ni picha nzuri. Si daima.

Sasa turudi kwa matabibu wawili wa dada yetu. Jambo hili la kutofautiana lilipimwa zamani. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Marekani ilipokuwa ikipiga picha za vifua kwa maelfu ili kutafuta kifua kikuu, mtaalamu wa takwimu Jacob Yerushalmy na wenzake waliwapa wasomaji mabingwa picha zile zile. Walitofautiana wao kwa wao katika takriban thuluthi ya picha zenye maradhi, na walipopewa picha zile zile mara ya pili, msomaji mmoja alitofautiana na nafsi yake takriban mara moja katika kila tano. Hawa walikuwa mabingwa, wamekaa, wana taa nzuri.

Jicho lina ajabu zake. Mwaka 1975 Harold Kundel na Calvin Nodine waliwaonyesha madaktari wa picha filamu za kifua kwa sehemu ya tano tu ya sekunde, na bado walitambua takriban 70 katika kila kasoro 100. Zile zilizobakia ndizo zilizohitaji utulivu. Na mwaka 2013 huko Boston, watafiti walichora umbo la gorila ndani ya picha za skani za mapafu, kubwa mara 48 kuliko vivimbe vilivyokuwa vikitafutwa. Kati ya madaktari 24 wa picha, 20 hawakumwona gorila, na vipimo vya macho vilionyesha kuwa wengi wao walimtazama moja kwa moja. Walikuwa wakitafuta vivimbe. Kuna pia mtego wa kutosheka: msomaji akipata kasoro moja, tuseme mbavu iliyovunjika, moyo wake hutulia na jicho huacha kutafuta ya pili.

Kwa hiyo, dada yetu, inawezekana kabisa kuwa yule wa kwanza alitazama kwa uaminifu na asione. Tabibu wa pili alikuwa na faida mbili: alimwona mama amekonda, akajua pa kutazama, na alikuwa na muda. Lakini nitasema pia lisilompendeza kila mtu katika kazi hii. Kupitwa na ukungu ni udhuru unaokubalika. Kumrudisha nyumbani mama wa miaka 60 aliyekohoa wiki 5 bila kupima makohozi, na bila kumpa tarehe ya kurudi, ni jambo ambalo picha haiwezi kubebeshwa. Picha safi haifuti kikohozi. Kipimo cha makohozi hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya serikali, na dawa za kifua kikuu vilevile, mwenye kukohoa akaambiwa picha yake ni safi ana haki ya kuuliza: "Na makohozi, daktari, hayapimwi?" Hilo ndilo swali ningependa kila binti alibebe mkobani anapompeleka mamake hospitali.

Tena msimwachie msomaji atafute gizani. Fomu ya kuombea picha aghalabu huandikwa neno moja tu, "kikohozi", na anayeisoma baadaye hajamwona mgonjwa. Mwambieni tabibu aandike yote: amekohoa tangu lini, amekonda kiasi gani, jasho la usiku, damu katika makohozi, jirani au jamaa aliyewahi kutibiwa kifua kikuu, kazi aliyofanya. Maneno hayo ndiyo yanayompeleka msomaji nyuma ya mtulinga. Mkipewa picha bila maandishi ya daktari wa picha, ulizeni kama itasomwa naye, na majibu yatoka siku gani.

Siku hizi kompyuta nazo zimefunzwa kusoma vifua. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliruhusu programu za namna hiyo zitumike katika kutafuta kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Hazichoki saa kumi za jioni, na mahali pasipo daktari wa picha ni msaada mkubwa. Lakini nazo husema tu kwamba picha hii yatia shaka. Makohozi yatapimwa vilevile.

Kuhusu mja mzito, barua nyingi huja na hofu hii, nami nitajibu kwa ufupi. Mionzi ya picha moja ya kifua ni kidogo mno, takriban sawa na ile ya kimaumbile ambayo sote twaipata kwa siku 10, na hulengwa kifuani, si tumboni. Mwambie mpiga picha kuwa una mimba, na kama tabibu ameona haja, usikatae. Kifua kikuu kisichotibiwa ni hatari zaidi kwa mama na mtoto kuliko picha ile. Picha ya skani ni jambo jingine, mionzi yake ni mara nyingi zaidi, nayo iulizwe kwa makini.

Limebakia la nyumbani. Msomaji yeyote wa picha, awe wa Mombasa au wa London, husaidika kwa picha ya zamani kuliko kwa taa bora. Doa lililokuwapo miaka 5 iliyopita na halikubadilika ni kovu. Doa lile lile ambalo mwaka jana halikuwapo ni jambo la kufuatiliwa wiki hii. Na sisi picha zetu tunazikunja chini ya godoro, watoto wanazichezea, au tunazitupa tunapohama nyumba. Zihifadhini zikiwa zimenyooka, ndani ya bahasha yake, mbali na joto na unyevu, jina na tarehe vikiwa nje. Kama ni sahani ya kompyuta, iandikwe vilevile. Lau ile picha ya kwanza ingalitupwa, tabibu wa pili asingekuwa na la kuinua dirishani.

Na dada yetu, kwa kuwa umetaja kwamba mjukuu wa miaka 3 alikuwa akilala kitanda kimoja na bibi yake: mpelekeni kituoni wiki hii, hata kama anacheza na kula vizuri. Watoto walio chini ya miaka 5 waliokaa karibu na mgonjwa huchunguzwa, na wasipokuwa na maradhi hupewa dawa ya kinga. Wengine wote wa nyumba hiyo nao wachunguzwe.

Wiki ijayo, in shaa Allah, tutaijibu barua ya mama wa Kilifi aulizaye kuhusu pumu ya watoto na dawa ya kuvuta.